Naomba ushauri: mwanangu wa miaka 8 ana unene uliopitiliza

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, urefu wa sentimita 128 na uzito wa kilo 36, na daktari ametueleza kwamba kwa umri wake huo ni unene uliopitiliza. Tumeacha kununua soda, tumepunguza muda wa televisheni, naye hucheza nje karibu dakika 60 kila siku. Hata hivyo huomba chakula tena mara tu baada ya kula, na nikimnyima hula kwa kificho, jambo linaloniumiza sana. Sitaki aanze kuuchukia mwili wake.

Je, nimjibuje anapoomba kuongezewa, bila kumwaibisha mbele ya ndugu zake? Na kwa kuwa bado anakua, tulenge apungue kilo, au zisiongezeke tu wakati anarefuka?