Mjadala: Je, tuache kuwatumia watu kunasa mbu, tubaki na mitego peke yake?

Hoja iliyotolewa ni kwamba mtego wa taa ukiachwa usiku kucha hujaza mbu wengi, kwa hiyo hakuna haja tena ya kumkalisha mtu miguu wazi awe chambo cha mbu wanaochunguzwa. Mimi nakubali nusu tu.

Wingi haunishawishi. Mwaga mfuko wa mtego asubuhi kwenye sahani nyeupe uone. Kwanza nondo na vijidudu chungu nzima. Watoe hao, kisha toa mbu dume, wenye antena za manyoya mengi, maana hawaumi mtu. Waliobaki watazame vichwani: anofelesi jike, yaani mbu anayeeneza malaria, ana vipapasio (vile viwili vya kando ya mdomo, si antena) virefu karibu sawa na mrija wake wa kunyonyea, ila vya kuleksi jike, mbu asiyeeneza malaria, ni vifupi mno. Mara nyingi lundo lote ni kuleksi, na anofelesi unawahesabu kwa vidole. Hapo mtego umefaulu au umefeli?

Tena taa hiyo hufanya kazi vizuri ndani, kando ya mtu aliyelala kwenye chandarua, kwa sababu pumzi na harufu yake ndizo zinazowaita mbu. Ukiupeleka nje mtego huohuo, huwezi kuutegemea. Mbu wanaouma nje kabla watu hawajalala wataonekana kama hawapo, nasi tutagawa vyandarua tukidhani tumemaliza kazi. Hili ndilo linaloniumiza roho.

Kwa hiyo kwenye malaria bado nataka usiku michache ya kulinganisha: mtu mzima aliyeridhia, suruali imekunjwa hadi magotini, kurunzi mkononi, anamvuta mbu kwa kimrija pindi anapotua, kabla hajachoma. Apewe dawa ya kinga na apimwe damu. Watu na mitego wapokezane nafasi kila usiku, maana wapo watu ambao mbu huwafuata kuliko wenzao. Bila kupokezana, tutakuwa tunapima ngozi ya mtu, si mtego.

Kwenye dengue, hapana. Aedesi, mbu anayeeneza dengue, huuma mchana, na aliyekaa pale hana kidonge cha kumkinga. Afadhali mtego wenye harufu bandia ya mwili, hata kama utanasa wachache.

Anayesema mitego inatosha kila mahali, naomba atujibu: mtego wake unawakosa mbu gani, na amejuaje?