Tanga: Chama cha wakazi mmetufungia uwanja kwa kufuli halafu kwenye ripoti mnaandika "tumehifadhi eneo la wazi"??

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, maana leo ntaandika mpaka kidole kife ganzi. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha wakazi hapa Tanga mjini, nimefika nyumbani hata chai sijagusa, nimekaa barazani na simu. Jina la chama sitaji, mtaa sitaji, wenyewe wakisoma watajijua na baadhi yenu mmo humu humu mnajificha kwenye majina ya ajabu ajabu.

Chama chetu kina cheti cha Msajili wa Jumuiya, kimewekwa fremu kabisa ukutani sebuleni kwa katibu, ndo ofisi yenyewe hiyo. Kila nyumba inatoa elfu mbili kwa mwezi. Kwenye katiba kazi zao zipo mbili tu, michezo na burudani kwa wakazi, na kutunza maeneo ya wazi yasiliwe. Mimi nilikuwa mtu wa mwanzo mwanzo kujiandikisha na elfu mbili yangu haijawahi kulala, risiti ninazo kwenye kopo la maziwa.

Leo wametugawia ripoti. Kurasa 14, jalada la rangi, picha za watu wanacheka. Ukurasa wa tatu imeandikwa kwa herufi nene, nanukuu, "Eneo la wazi la mtaa limehifadhiwa kwa asilimia mia moja." Nikasoma mara mbili nikamgeukia jirani yangu nikamwambia hawa watu ni kweli wamelihifadhi, limehifadhika mpaka sisi wenyewe hatuingii!

Ngoja niwaeleze huo uwanja. Kwenye ramani ya mipango miji ni eneo la wazi, sio la chama, sio la mwenyekiti, ni la umma. Asubuhi mbuzi, mchana kimya, baada ya alasiri chandimu mpaka jua linazama, chini ya mti wa mkungu wazee na bao lao, na mkungu ukiangusha kungu watoto wanazigonga kwa mawe wanakula ile mbegu ya ndani. Idi ndo usiseme, pembea, ubuyu, kashata, watoto wa mitaa mingine wote wanahamia kwetu. Ami yangu anasema timu yetu ya Coastal Union walivyochukua ubingwa wa ligi 1988 watu walishinda pale na ngoma mpaka azana ya alfajiri, na yeye alipoteza kiatu kimoja ambacho mpaka leo anakidai. Hakuna aliyekuwa na ufunguo wa ule uwanja kwa sababu haukuwa na mlango.

Mwaka huu mwezi wa tatu wakaja mafundi na nguzo na senyenge. Siku mbili tu kazi imeisha, upande wa barabarani likawekwa geti la chuma, kufuli kubwa la shaba, na bango: ENEO LIMEHIFADHIWA, HAKUNA KUINGIA BILA KIBALI CHA KAMATI.

Sasa niwe mkweli, sababu waliyoitoa ina ukweli ndani yake, sitaki nionekane napinga tu. Kuna mtu alikuwa anamwaga kifusi usiku usiku, na mwaka juzi kuna mmoja alishusha tofali kabisa pembeni kule akaanza kupima kwa kamba, kama sio kina mama kumtoa na mifagio saa hizi pale pangekuwa na fremu za maduka. Maeneo ya wazi mijini yanaliwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, leo kibanda kesho msingi keshokutwa mtu anakuonyesha karatasi. Kwa hiyo walivyosema wanazuia uvamizi tukapiga makofi, mimi nilipiga.

Haikupita mwezi, siku ya Alhamisi tunaona gari inashusha viti vya plastiki na turubai. Harusi. Wiki iliyofuata kitchen party. Kisha ikawa parking ya magari ya wageni wa ukumbi wa jirani. Kuuliza, tunaambiwa ukitaka kufanyia shughuli pale ni laki moja na nusu kwa siku, unalipa kwa mweka hazina. Yaani waliosema wanazuia uvamizi wamegeuka wao ndo wenye kiwanja!

Na mkungu mmoja umekatwa. Ule mkubwa, wa bao. Sababu eti majani yanaangukia kwenye keki na viti vya maharusi. Mti ambao wazee wamekaa chini yake miaka yote hiyo, umekatwa na chama cha kuhifadhi, shina limebaki pale limekatwa mshazari, na kwenye ripoti ukurasa wa sita wameandika wamepanda miche 40 ya vivuli. Ipo wapi? Mi najua miwili, ipo mbele ya nyumba ya katibu na mmoja mbuzi keshaula nusu.

Watoto sasa wanacheza barabarani. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, wiki mbili zilizopita mpira wao ulipigwa ukavuka senyenge ukaenda kulala pale pale kwenye shina la mkungu. Sio wa makaratasi, mpira wa dukani, walichangishana mia mbili mia mbili mpaka wakaununua. Nimemkuta kalala kifudifudi kapitisha ufito chini ya waya anauvuta, ufito haufiki, kauongezea na mti wa fagio kaufunga na kamba ya kiatu, haufiki, shati lote mchanga. Nikamwambia twende kwa katibu. Katibu akasema ufunguo anao mweka hazina. Mweka hazina hayupo. Mpira mpaka leo upo pale ukipita unauona, umeanza kupauka kwa jua. Na juzi bodaboda nusura amgonge mwenzao mmoja kwenye kona, alichofanya ni kutukana tu akaondoka, bora alitukana.

Haya tuje kwenye michezo na burudani, ripoti inasema "mwaka wenye programu nyingi". Mabonanza waliahidi manne, limefanyika moja, nalo nililifurahia, kukimbiza kuku, kuvuta kamba, wamama wa barabara ya juu waliwaburuza wanaume mpaka wakaangukia kwenye mtaro. Sawa. Mbio za baiskeli, Tanga hii ambayo mtu anaenda sokoni, msikitini na kuposa kwa baiskeli, zimeahirishwa mara tatu kisha zikafa, ila fulana zilichapishwa! Nazijua kwa sababu naziona, shemeji yake mjumbe mmoja anaendea nayo Deep Sea kununua samaki kila Jumamosi, mgongoni imeandikwa MSHIRIKI. Mshiriki wa nini mgosi wangu?

Mazoezi ya kina mama mwalimu alikuja Jumamosi mbili hakuonekana tena. Mashindano ya bao bingwa aliahidiwa mfuko wa unga na sukari kilo tano, akapewa cheti, mzee wa watu hata miwani hana ya kukisomea.

Lililoniuma zaidi ni kuogelea. Walisema watoto watapelekwa Raskazone kufundishwa. Hili wazo ni zuri kuliko yote waliyowahi kuwaza, maana sisi ni watu wa pwani lakini watoto wengi wanajua maji ya kuvukia tu, wakifika kimo cha kifua wanapiga kelele. Safari imefanyika moja. Watoto 12. Nikaangalia picha kwenye ripoti, nikawahesabu mmoja mmoja, tisa ni watoto na wajukuu wa kamati, wa kumi ni mpwa wa mpiga picha.

Sasa mikoko. Hapa ndo walipojisifu mpaka projekta ikapata moto. Miche 500, picha za kofia na mabuti, "tumezaa msitu mpya". Mimi nilikuwepo ile siku, nimebeba miche kwa mikono yangu, na ami yangu ambaye ni mvuvi alikuja akaangalia akawaambia taratibu kabisa, wanangu hapa hapana. Akawaonyesha. Hapa ni mchanga, na mawimbi yanapiga moja kwa moja, mkoko unataka tope, unataka sehemu maji yanajaa yanapwa na haupati kipigo. Mkoko wenyewe unajipanda, mbegu inaota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia ndefu kama tunda la mlonge, ikidondoka inachoma kwenye tope au inaelea mpaka ipate tope lake. Kwa hiyo ukitaka kupanda nenda pale ilipo mikoko mama, angalia yenyewe inapenda wapi, ziba mapengo. Akajibiwa mzee tunashukuru ila wageni wameshafika na gari la picha haliwezi kuingia kule kwenye tope.

Sababu ya kuchagua sehemu ya kupanda msitu ni gari la picha!!

Ilivyokuja bamvua ya kwanza, yale maji makubwa ya bahari, miche mingi ilikwenda na maji. Mwezi uliopita maji yalivyokupwa sana nilishuka mwenyewe na suruali nimekunja nikahesabu, nimepata 23 na katika hiyo kama saba ina majani. Hiyo 23 ndo msitu mpya. Na wakati huo huo huku juu kuna mtu anajenga ukuta unakaribia kunywa maji ya bahari, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka ufukweni usifanye shughuli ya kuhatarisha mazingira, na chama chetu cha kuhifadhi hakijaandika hata barua moja. Kwa mwenye ukuta wapo kimya, kwa watoto wa chandimu wana bango!

Mkutanoni nikanyoosha mkono, nikapewa nafasi wa mwisho kabisa watu washaanza kukunja viti. Nikauliza kitu kimoja, pesa za kukodisha uwanja zipo ukurasa wa ngapi? Kwa sababu nimepekua zote 14, kuna michango, kuna "wahisani", kuna soda na maji ya kunywa, uwanja hakuna. Shughuli nilizohesabu mimi kwa macho tangu mwezi wa nne hazipungui 20, pigeni wenyewe mara laki na nusu. Mwenyekiti akatabasamu akasema swali zuri sana, tunalichukua tunakwenda kulifanyia kazi. Mnalipeleka wapi wakati majibu mnayo mfukoni?

Hapo akasimama bibi mmoja, mtu mzima sana, wa nyumba inayotazama uwanja, akajitanda kanga vizuri akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu mwenyekiti, mimi sikusoma, nauliza tu. Ule mkungu mmeuhifadhi wapi?"

Ukumbi mzima ukalipuka. Mwenyekiti akaomba tufunge kwa dua.

Nachosema mimi ni hiki, sitaki chama kife wala sitaki senyenge ing'olewe yote, mwenye kifusi bado yupo. Geti liwe wazi asubuhi mpaka magharibi, hesabu za uwanja zibandikwe pale pale kwenye geti kila mtu asome, na matumizi ya eneo la wazi hayabadilishwi na kikao cha watu saba sebuleni kwa mtu, kuna halmashauri ya jiji ambayo kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 ndo mamlaka ya upangaji. Jumatatu nakwenda na ripoti yao na picha zangu, ami kasema tunakwenda wote.

NYONGEZA: Kuna jamaa kaandika hapo chini kwamba nina kinyongo kwa sababu niligombea ukatibu nikaanguka. Ndiyo niligombea, nilipata kura tisa na moja ilikuwa yangu, sijawahi kuficha. Sasa hizo kura tisa ndo zimekata mkungu?

NYONGEZA 2: Na wewe unayesema laki na nusu ni bei nafuu ukilinganisha na kumbi, naona hujaelewa uzi, rudi juu usome. Mnaoniuliza PM ni mtaa gani, nawajibu wote jibu moja, siusemi, ukipita ukaona senyenge na mpira umepauka kwenye shina hapo ndo kwetu.

NYONGEZA 3: Nimetoka tena kwa katibu sasa hivi na mtoto wa dada yangu, tumeomba geti lifunguliwe dakika mbili tu tutoe mpira. Katibu kanijibu vizuri kabisa, hata maji ya kunywa katukaribisha. Ufunguo anao mweka hazina, na mweka hazina kaenda msibani Muheza, anarudi Jumatano. Ufunguo wa akiba upo ila umefungiwa ndani ya stoo, na stoo ipo uwanjani.