Laisini na methionini kwenye chakula cha broila: tunalisha watu kemikali kweli?

Wadau naomba tulijadili hili bila jazba. Siku hizi sio wateja tu, hata wafugaji wenzetu wanasema ukitia laisini na methionini kwenye chakula cha broila unalisha watu kemikali, eti ndo maana kuku anaiva kwa wiki tano. Mi nabisha. Kuiva haraka ni mbegu kwanza, hao broila wa mbegu za Cobb na Ross wamechaguliwa kizazi kwa kizazi kwa kazi hiyo hiyo.

Hizo ni asidi amino tu jamani, ndo zinazounda protini, zipo kwenye dagaa, kwenye soya, hata kwenye ugali zipo ila kidogo mno. Mahindi yana laisini kama asilimia 0.25 wakati kifaranga wa broila siku za mwanzo anataka karibu asilimia 1.3 kwenye chakula chake, sasa ukijaza pumba na paraza (mahindi ya kubaraza) hilo pengo nani analiziba? Na laisini ya mfuko inatokana na bakteria wanaolishwa sukari kwenye matangi. Methionini ya unga ndo ya kiwandani kweli, hapo sikatai, ila hata Marekani kwa kuku wa oganiki, wale wanaofugwa kwa njia za asili, wameiwekea kikomo tu, hawajaipiga marufuku.

Mnaosema dagaa inatosha, dagaa safi wa Mwanza sina neno nao, lakini hawa tunaouziwa wameshasagwa? Chukua kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo uone mchanga uliolala chini. Hesabu yako ya protini imeishia hapo, halafu unashangaa kuku hawaoti manyoya vizuri na wanadonoana.

Ila na sisi tunaotumia tuna ujinga wetu. Mtu anapunguza soya akidhani gramu 200 za methionini kwenye kilo 100 zitafanya kazi ya soya, thubutu! Mwingine anazimwaga juu ya rundo anageuza koleo mara mbili kaondoka, badala ya kuzichanganya kwanza na kilo chache za pumba ndo aingize kwenye rundo. Na wanaokimbilia kujaza protini tu bila mizani, ziada yote inatoka kwenye mavi, maranda yanalowa, ukiingia bandani amonia inakuchoma macho.

Anayepinga atuwekee hapa mchanganyiko wake wa staata (chakula cha vifaranga cha siku za mwanzo) wa kilo 100 usiotiwa laisini wala methionini ya kuongeza, na bei yake, tuupige hesabu pamoja.