Gundi ya wolpepa za sponji imegoma kutoka ukutani, naomba ushauri

Kibaraza
Habari wakuu. Nimebandua wolpepa za sponji, zile za mfano wa matofali, na Jumamosi narudisha nyumba kwa mwenyewe. Ukuta una skimu (tabaka la puti la kulainisha ukuta) na rangi ya maji. Gundi imebaki mabaka mabaka, inanasa vumbi. Maji ya sabuni hayajasaidia, msasa namba 120 ndio umevuruga kabisa. Nifanyeje bila kung'oa rangi?

FundiSkimu
Acha msasa kwanza, mkuu. Msuguano unaipasha gundi, inalainika, inaziba punje za msasa na kusambaa. Itoe kwa joto. Shika draya ya nywele sentimita 10 hadi 15 toka ukutani, izungushe kwenye eneo la kiganja kwa sekunde 30 hivi, mpaka gundi ukiigusa inavutika kama bazoka iliyotafunwa. Hapo isukume kwa kadi ya plastiki uliyoilaza. Gundi itajiviringisha mbele ya kadi kama uzi mchafu. Futa kadi kila mara, la sivyo unairudisha. Draya ikikaa sehemu moja, rangi inafura malengelenge. Skrepa ya chuma usiguse, puti ni laini, itachimbika.
Palipobaki sponji nzima, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, uuvute huku na huku kama msumeno.

BiRangi
Utando unaobaki baada ya hapo unatoka kwa spiriti, ila draya iwe imeshazimwa na madirisha yako wazi, mvuke wa spiriti unashika moto. Loanisha kitambaa cheupe, ujaribu kwanza nyuma ya mlango. Kikishika rangi ya ukuta, spiriti inaiyeyusha. Ishia kwenye maji ya moto na sabuni. Kisiposhika, sugua toka pembeni kuelekea katikati.
Thina inatafuna rangi ya maji, na petroli ndani ya nyumba ni hatari tupu. Mafuta ya kula yanafaa kwenye kioo na vigae. Ukuta huu utayanywa, na rangi mpya haitashika juu ya doa hilo.

Kibaraza
Asanteni sana. Sehemu mbili rangi imeng'oka na puti yake, ukubwa wa sahani. Nipake rangi juu tu?

FundiSkimu
Hapana, kingo zitaonekana taa ikiwaka. Kwangua zilizolegea, futa vumbi, ziba kwa puti tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya pili. Kisha msasa 180, umalizie na 220. Palipokuwa na gundi paka andakoti ya mafuta (rangi ya kutangulia) mkono mmoja, yaani tabaka moja, ilale usiku kucha, maana madoa ya gundi hupenya rangi ya maji na kutokeza njano. Rangi ipige mikono miwili, kona hadi kona. Kiraka kwenye ukuta wa zamani hakifichiki. Kwa Jumamosi, puti ianze leo.