Naomba ushauri: kujifunza stuko ya Venice kuanzia sifuri

RangiKinondoni: Wakuu, habari za kazi. Napaka rangi na kupiga skimingi, ila wateja wameanza kuulizia ile plasta inayong'aa kama marumaru, stuko ya Venice. Kuna tangazo la mafunzo ya siku moja, cheti juu. Siku moja inatosha kweli? Na kama nataka kujaribu nyumbani kwanza, ninunue nini?

ChokaaMbichi: Kabla hujatoa hela uliza swali moja: mnafundishia chokaa au akriliki? Vyote viwili vinauzwa kwa jina hilohilo. Ya asili ni chokaa iliyozimwa, ikalowekwa kwa miezi, kisha ikachanganywa na unga wa marumaru. Maji yakishatoka inaendelea kuvuta hewa ya ukaa taratibu mpaka inarudi kuwa jiwe. Ya akriliki ni gundi yenye unga ndani yake. Ni rahisi kwa anayeanza na si dhambi kuitumia, lakini aliyejifunza hiyo peke yake akipewa chokaa anaharibu, kwa sababu wakati wa kuikandamiza ni tofauti.

Siku moja inakwamishwa na kukauka tu. Praima, yaani rangi ya msingi, inataka saa kadhaa, na kila koti (tabaka la plasta) nayo vilevile. Anayeonyesha kazi nzima kwa saa sita ana mbao alizoziandaa jana, wewe utagusa koti ya mwisho.

MwikoLaini: Vifaa vya kuanzia ni vichache. Mwiko bapa wa stenlesi wenye urefu wa sentimita 20 au 24, unaonyumbulika kidogo, na mwingine mdogo wa pembeni. Mwiko mpya usiupeleke ukutani ulivyo. Zungushia pembe zake nne kwa tupa, halafu lainisha kingo kwa msasa namba 400 wenye maji, umalizie na 600. Pita na ukucha kwenye ukingo: ukikwama popote, hapo ndipo patakapochora mstari ukuta mzima.

Chukua nusu ya bodi ya jipsamu, mita 1.2 kwa 1.2, uisimamishe wima. Usiilaze mezani, mkono utazoea vibaya. Piga praima yenye mchanga laini, ile ambayo ikikauka ukiipapasa inakwaruza. Bila hiyo chokaa haina pa kushika, hasa juu ya jipsamu, puti au rangi ya mafuta, na itabanduka kama ganda. Siku ya pili koti ya kwanza: nyembamba, ukuta wote ufunikwe. Ikikauka, kata vinundu kwa ukingo wa mwiko, kisha koti ya pili kwa mapigo mafupi yanayopishana huku na huku. Hayo mapigo ndiyo yatakayoonekana kama mawingu ndani ya jiwe, kwa hiyo ukiyapanga kwenye mistari utapata mistari.

Koti ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote. Paka na kukwangua papo hapo, ibaki ya kujaza vitundu tu. Fanya kipande cha nusu mita hivi, rudi nyuma ukikandamize. Muda wake unaujua kwa kidole: hakitoki na chokaa, lakini pakiguswa bado pana ubaridi. Mwanzoni lalisha mwiko, kisha uinue kidogo na uongeze nguvu mpaka ung'ao utoke. Ukiwahi, utaburuza plasta. Ukichelewa, utasugua mpaka jioni na ukuta ubaki umefifia.

Kwa bodi hiyo, kilo moja na nusu inatosha. Kwa ukuta wa mita 3 kwa 2.8 piga hesabu ya takribani kilo moja kwa mita ya mraba kwa koti zote, ongeza ya akiba, jumla kama kilo 9.5. Ila soma ndoo, marmorino, stuko ya jamii hiyohiyo yenye chembe kubwa, inakula zaidi.

Dada_Msasa: Naongezea swali. Kwenye nyeupe mwiko unaacha alama nyeusi. Kwa nini?

MwikoLaini: Ni chuma chenyewe kinachosagika juu ya chokaa iliyokwisha kukauka. Umechelewa, au umekaza mkono, au mwiko si stenlesi nzuri. Kwenye rangi nyepesi wengi humalizia na mwiko wa plastiki. Alama ikishaingia, lainisha kwa msasa mwembamba na upige koti nyingine nyembamba. Kuosha hakusaidii.

Nyufa za utando wa buibui ni jambo jingine: koti nene, au ukuta umenyonya maji haraka. Kwa joto la Dar anza asubuhi, zima feni, nyunyizia ukuta maji ya ukungu kabla ya chokaa. Na lipu mpya ya saruji iache siku 28.

Fundi_wa_Pwani: Msisahau macho. Chokaa mbichi ni kali, pH yake inapita 12. Miwani na glavu hata kwenye mazoezi. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Na chokaa ya kilimo msinunue kwa kuwa ni rahisi, mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu, halijachomwa, haligandi.

ChokaaMbichi: Nirudi kwenye mafunzo. Kama misingi ya rangi na uashi haijakaa sawa, kozi za VETA, vyuo vya ufundi stadi, zitakufaa kuliko semina ya urembo, maana ukuta uliopinda ukiung'arisha unaonekana umepinda zaidi. Kwa stuko yenyewe, anza na muuzaji wa bidhaa unayotarajia kutumia. Watengenezaji wengi wa Italia hufundisha mafundi kupitia mawakala wao. Ubaya wake ni kwamba utafundishwa ndoo yao tu. Tafuta yenye siku mbili au tatu, ubao wako mwenyewe uliosimama, pembe mbili za ndani na moja ya nje, na wanafunzi wachache. Omba kuona ukuta wa mkufunzi uliomaliza mwaka, na uutazame taa ikiwa inamulika kwa ubavu.

Picha za mtandaoni zina vichujio. Ukitaka kujua kina cha kazi nzuri, tazama kuta za duka la Olivetti pale Piazza San Marco, Venice, lililobuniwa na msanifu majengo Carlo Scarpa mwaka 1957 na 1958.

RangiKinondoni: Shukrani sana wakuu. Mteja mmoja anaitaka bafuni.

MwikoLaini: Ukuta wa nje ya shawa sawa, ukipakwa nta baada ya chokaa kukomaa, kama mwezi hivi. Ndani ya shawa mkatalie. Hiyo ni kazi ya tadelakti, plasta ya chokaa ya Moroko inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni ya zeituni, na ni somo la peke yake.