Biolojia, kemia au masomo ya sharti peke yake kabla ya famasi (PharmD)? Naomba ulinganisho

Mwanaidi_H
Habari za humu wakuu. Mdogo wangu anataka kuwa mfamasia hapa Marekani. Chuo kinamtaka achague meja (somo kuu la digrii) kabla usajili wa muhula wa Agosti haujafungwa. Mshauri wake kasema achukue biolojia kwa sababu ndiyo wanayochukua wengi. Wengine wanasema kemia, na wapo wanaosema digrii haina haja, asome miaka miwili tu aombe. Ipi ina faida zaidi? Mwenye kujua atulinganishie.

KalamuNyekundu
Dada Mwanaidi, hujatupa pa kushika. Yuko jimbo gani? Kamaliza kidato cha sita nyumbani au kasoma sekondari huko huko? Ana viza ya mwanafunzi au kadi ya kijani? Na mtihani wa kumpangia hesabu ulimweka darasa gani? Hilo la hesabu usilidharau, ndilo litakalotuambia atamaliza lini.

Bwana_Dozi
Tukisubiri majibu, niseme la msingi. Vyuo vya PharmD (digrii ya udaktari wa famasi, ndiyo inayomfanya mtu mfamasia Marekani) haviangalii jina la meja. Vinaangalia masomo ya sharti: kemia ya jumla mihula miwili na maabara zake, kemia ogani mihula miwili na maabara zake, biolojia mihula miwili, anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu, kalkulasi, uandishi wa Kiingereza, na mara nyingi somo la kuzungumza mbele ya watu. Vingine vinaongeza biokemia, fizikia au uchumi. Vyuo vingi vinapokea asiye na digrii mradi kakamilisha hayo. Mtihani wa PCAT, wa kuingilia vyuo vya famasi, ulifutwa mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo alama za darasani sasa zimebeba uzito zaidi.

Kinachoamua muda ni ngazi ya kemia. Jumla I, Jumla II, Ogani I, Ogani II, halafu Biokemia. Ni mihula mitano na hakuna kuruka. Biolojia unaweza kuipenyeza popote, kemia haipenyezeki. Ukianguka Jumla II mwezi wa tano, na chuo chako kinafundisha Ogani I muhula wa Agosti tu, mwaka mzima umekwenda, labda uwahi kuirudia kiangazi.

Nyota_ya_Mvita
Ndiyo maana mimi husema kemia, tena bila kusita. Mwaka wa kwanza wa famasia pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ni chakula cha kila siku. Chukua aspirini, pKa yake ni 3.5. Ndani ya tumbo lenye pH 1.5, kwa kila molekuli moja yenye chaji kuna 100 zisizo na chaji, na hizo ndizo zinazopenya utando kirahisi. Ishuke kwenye utumbo wenye pH 6.5, uwiano unapinduka: moja isiyo na chaji kwa 1000 zenye chaji. Mwanafunzi wa kemia anaona hilo kwa jicho. Wa biolojia anakariri.

Tausi_wa_Rufiji
Nyota, umeishia katikati. Pamoja na uwiano huo, sehemu kubwa ya aspirini hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, si tumboni. Kwa nini? Vinyweleo vya utumbo vinaupa eneo kubwa mno kulinganisha na tumbo, na dawa haikai tumboni muda mrefu. Kemia peke yake ingekupa jibu lisilo sahihi. Hapo ni fiziolojia iliyojibu.

Tena tazama rifampisini ya kifua kikuu. Inaamsha jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya ini, CYP3A4 na wenzake. Vimeng'enya vikiongezeka, vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, na mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegravir miligramu 50 mara moja kwa siku anapandishwa hadi mara mbili. Aliyesoma jenetiki na biolojia ya seli kwa dhati anaelewa kwa nini athari hiyo inachelewa siku kadhaa kuanza, na kwa nini haiishi siku ile dawa inapoachwa. Mwili unasubiri vimeng'enya vipya vitengenezwe, kisha unasubiri vya zamani vivunjwe.

Mzee_wa_Maabara
Mnabishana juu ya vitu viwili vyenye kasoro ileile. Digrii ya biolojia bila PharmD ina kazi gani? Na ya kemia? Akikosa nafasi ya famasi atabaki na cheti kisicho na leseni. Achukue sayansi ya maabara ya kitabibu, programu iliyoidhinishwa na NAACLS (chombo kinachokagua programu za maabara). Mikrobiolojia, hematolojia, imunolojia na kemia ya kliniki zote zimo. Akimaliza anafanya mtihani wa MLS wa ASCP, unaompa cheti cha mtaalamu wa maabara, na anaajirika hospitali. Famasi ikija, ije.

Bwana_Dozi
Mzee, hoja yako ya ajira naiunga mkono. Lakini mwaka wa mwisho wa programu hizo mwanafunzi yuko hospitali kutwa nzima kwa mafunzo ya vitendo. Programu nyingine hazidai Ogani II wala kalkulasi. Ataziweka saa ngapi?

Mwanaidi_H
Samahani kwa kuchelewa wakuu. Yuko Houston, Texas, tangu mwaka juzi, ana kadi ya kijani. Kamaliza PCB (fizikia, kemia, biolojia) nyumbani. TSIA2, ule mtihani wa Texas wa kumpangia darasa, ilimweka College Algebra, sijui kwa nini wakati sayansi anaimudu. Ana nafasi chuo kikuu na pia chuo cha jamii cha miaka miwili.

KalamuNyekundu
PCB hesabu yao ni BAM (hesabu ya msingi ya matumizi), kwa hiyo algebra ya ndani zaidi huwa imeshalala. Si ajabu. Jambo jema ni kwamba kakaa zaidi ya miezi 12, na kwa kadi ya kijani anaweza kudai ada ya mkazi wa Texas na kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali wa masomo.

Bwana_Dozi
Texas imerahisisha mambo kwa namba za pamoja za kozi, basi aandike hizi. Hesabu: MATH 1314, kisha 2412, kisha 2413 ambayo ni kalkulasi. Kemia: CHEM 1311 na maabara 1111, halafu 1312 na 1112, halafu 2323 na 2123, halafu 2325 na 2125. Vyuo vingi vinataka MATH 1314 iwe imekwisha au isomwe sambamba na CHEM 1311, kwa hiyo muhula huu bado anaweza kuanza vyote viwili. Anatomia na fiziolojia ni BIOL 2401 na 2402. Takwimu ni MATH 1342.

Mitego ipo mitatu. CHEM 1405 ni kemia ya utangulizi, haimpandishi ngazi ya famasi. BIOL 2420 ni mikrobiolojia ya wasio wanasayansi, ya wanasayansi ni 2421, na kuna vyuo vinavyobagua. MATH 1325 ni kalkulasi ya biashara, aulize kwanza kabla ya kulipa. Na biokemia ya ngazi ya juu haifundishwi chuo cha jamii, kwa hiyo hesabu ya "miaka miwili tu" inavunjika kwa chuo cha famasi kinachoidai.

Tausi_wa_Rufiji
Na akichagua biolojia, ajue meja yenyewe inamlazimisha ikolojia na mageuzi, wakati anatomia ya binadamu mara nyingi haimo. Anatomia iko idara nyingine, viti vinajaa mapema, na wanaotangulizwa ni wanafunzi wa uuguzi. Aiweke kwenye ratiba mwaka wa pili, asiiache ya mwisho.

KalamuNyekundu
Niwape kisa kimoja cha kijana aliyeletwa kwetu kusaidiwa maombi, mambo yakiwa yameshaharibika. Alikuwa meja ya biolojia, GPA (wastani wa alama) ya chuo 3.4, wazazi wanafurahi. Ogani I ilikuwa ya krediti 4, akapata F, akairudia akapata A. Chuo chake kilifuta ile F kwenye wastani, kwa hiyo transkripti ilisoma 4.0 kwa somo hilo. Maombi ya famasi yanapita PharmCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, na PharmCAS inahesabu kila jaribio. Krediti 4 mara sifuri, krediti 4 mara 4, jumla alama 16 kugawa kwa krediti 8: wastani 2.0. Mikrobiolojia nayo aliisoma ile ya wauguzi ili apumzike, chuo alichokitaka kikaikataa. Ogani II alipata C-, na sharti ni C kamili. Somo la kuzungumza mbele ya watu hakulisoma kabisa, kwa kuwa meja yake haikulidai. Mshauri wa idara ya biolojia alimwambia kila muhula kwamba yuko sawa, na kweli alikuwa sawa, kwa digrii ya biolojia. Kwa famasi alikuwa na mashimo manne. Ilibidi asome mwaka mwingine mzima baada ya mahafali.

Kwa hiyo meja yoyote achukue, lakini awe na jedwali lake mwenyewe: safu moja kwa kila chuo cha famasi anachokitaka, mstari kwa kila sharti, na ajaze namba ya kozi, krediti, maabara ipo au haipo, na kozi inakaa miaka mingapi kabla ya kuhesabiwa imepitwa. Kwa Houston aanze na University of Houston na Texas Southern, wote wana famasi. PharmCAS hufunguliwa kiangazi, karibu mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo.

Simba_wa_Ilala
Mbona mnamzungusha? Arudi nyumbani asome BPharm (digrii ya kwanza ya famasi) Muhimbili miaka minne, PCB si anayo? Kisha arudi Marekani na digrii yake, gharama nusu.

Nyota_ya_Mvita
Simba, hapo utampoteza kijana. Aliyesoma nje lazima apate cheti cha FPGEC, cha wahitimu wa famasi wa nje, kutoka NABP (chama cha bodi za famasi) ndipo aruhusiwe NAPLEX, mtihani wa leseni. Kwa waliohitimu kuanzia 1 Januari 2003, wanataka mtaala wa miaka mitano. BPharm ya Nairobi ni miaka mitano, ya Muhimbili ni minne na internship.

Simba_wa_Ilala
Sasa ule mwaka wa internship si ndio wa tano?

Nyota_ya_Mvita
Wanahesabu mtaala wa chuo. Internship inakuja baada ya digrii.

Mzee_wa_Maabara
Na FPGEE, mtihani wa kupata cheti hicho, nayo ina masomo ya utawala na uchumi wa afya ya Kimarekani, na juu yake kuna TOEFL, mtihani wa Kiingereza. Si njia ya mkato hata kwa wa Nairobi.

Simba_wa_Ilala
Sawa, lakini waliohitimu kabla ya 2003 wa Muhimbili wanakubalika?

Nyota_ya_Mvita
Kwa hao sharti ni mtaala wa miaka minne, kwa hiyo mlango upo.

Mwanaidi_H
Wakuu, tumeingia kwenye usajili sasa hivi. MATH 1314 kapata. CHEM 1311 ina nafasi, ila maabara 1111 imejaa. Achukue nadharia peke yake?

Bwana_Dozi
Aangalie kwanza kama chuo kinalazimisha viende pamoja, maana mfumo unaweza kumtoa kote kuwili. Kama hakilazimishi, achukue 1311 na ajiweke kwenye orodha ya kungoja ya maabara. Wasiolipa huondolewa siku ya malipo. Ada inafungwa lini hapo?

Tausi_wa_Rufiji
Na meja kaandika ipi?