Nyumba ndogo ya wikiendi Lushoto: tofali za kuchoma, za kufungamana au udongo?

Kibarua_wa_Posta: Wakuu, habari za leo. Nina kiwanja cha urithi Lushoto, kiko kwenye mteremko. Nataka kijumba cha mita 8 kwa 6 cha kupumzikia nikitoka Dar. Fundi wa kijijini anataka tofali za kuchoma, binamu anataka za kufungamana, na mke wangu kaona picha za nyumba za udongo mtandaoni, sasa haambiliki. Bajeti ni ya mtumishi. Nani kajenga huko juu?

Shemeji_Soni: Za kuchoma achana nazo, mkuu. Kudumu zinadumu, lakini tanuru linakula kuni na milima ya Usambara imeshanyolewa vya kutosha.

FundiBado: Binamu yupo sahihi. Za kufungamana ni udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwenye mashine. Tofali la sentimita 30 kwa 10 usoni ni kama 33 kwa mita ya mraba. Kuta zako hazizidi sana mita za mraba 80, kwa hiyo weka tofali 2,650. Mfuko mmoja wa saruji unatoa kama 60, basi mifuko 45 hivi kwa kuta. Hazichomwi, na katikati hazitaki saruji nyingi kwa kuwa zinashikana zenyewe. Wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, NHBRA, ulizihimiza miaka mingi pale Dar; ulizia mashine.
Ila zimwagilie maji na kuzifunika wiki 2 kamili. Mimi nilikuwa na haraka, nikajengea za wiki 1. Kona zote zilimeguka, nikarudia ukuta mzima.

DadaMnazi: Jamani msiutukane udongo. Wazee wetu wamelala kwenye fito na udongo, na nyumba ina joto usiku. Tatizo ni kwamba inataka mwenyeji. Kila baada ya masika lazima ukandike upya, na ule moshi wa jikoni ndio unaosumbua wadudu kwenye fito na paa. Wewe unawasha moto Jumamosi, Jumapili jioni umeshafunga mlango. Mchwa wanabaki na siku tano zao.

Kibarua_wa_Posta: Mke kasoma hapo, kanuna. Dada, hakuna njia yoyote?

DadaMnazi: Udongo uweke kuta za ndani tu, shemeji. Mvua haizifikii.

Shemeji_Soni: Mnabishana kuhusu tofali, mteremko hakuna aliyeuuliza! Usikate kilima kutafuta uwanja wa mpira. Laza ule urefu wa mita 8 ukatize mteremko kwa ubavu, usishuke nao, msingi uwe wa mawe, na upande wa juu chimba mfereji wa kupeleka maji pembeni. Na jua: Juni na Julai Lushoto ni makoti, na miezi hiyo jua limeegemea kaskazini. Dirisha kubwa la sebule lielekee huko.

Kibarua_wa_Posta: Bonde zuri liko kusini, mkuu 😩

Shemeji_Soni: Basi kusini weka kibaraza, ukae na blanketi.

FundiBado: Maji je? Ukitoa upenu sentimita 60 kila upande, paa linafika mita za mraba 66. Mvua ya milimita 1 ni lita 66, ya milimita 20 ni zaidi ya lita 1,300. Hata ukipoteza kidogo, usiku tano za namna hiyo zinajaza tangi la lita 5,000. Yale maji ya mwanzo yanayoosha paa yamwage. Upenu huohuo unakinga kuta.
Kabla ya yote, pima udongo wa kiwanjani kama unafaa kwa tofali hizo za kufungamana. Jaza udongo nusu chupa, ongeza maji, tikisa, acha ulale.

Kibarua_wa_Posta: Nimemwagiza kijana wa pale. Kanitumia picha: mchanga chini kidogo sana, udongo uliobaki karibu wote ni mfinyanzi mwekundu.

FundiBado: Huo peke yake utapasuka. Tafuta bei ya lori la mchanga mpaka kiwanjani, halafu urudi hapa tupige hesabu upya.